Chipu za Kuchomeka Chini ya Usukani: Taa Zinawaka, Injini Haina Habari

Kwa dereva wa Probox anayebeba abiria kati ya Kahama na Katoro, au mwenye karasha anayepeleka dizeli Nyarugusu kwa Land Cruiser, mafuta ndiyo gharama inayomuumiza kila siku. Basi si ajabu kwamba kile kifaa cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti kinapata wanunuzi. Pakiti yake inaahidi nguvu zaidi hadi asilimia 35, au mafuta pungufu kwa asilimia 15, kulingana na rangi uliyochagua. Unakichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, unabonyeza kitufe, taa zinamweka, unaendelea na safari.

Vifaa hivi havifanyi kazi. Nalisema hili bila kusita, kwa sababu wapo waliokwisha kuvipasua na kuvichunguza. Watafiti wa Quarkslab, kampuni ya Ufaransa ya usalama wa kompyuta, walikinunua kimojawapo kinachouzwa sana. Kwanza walirekodi mazungumzo yanayopita kwenye nyaya za gari kabla ya kukichomeka, kisha wakarekodi tena kikiwa kimechomekwa. Hakukuongezeka ujumbe hata mmoja. Halafu wakakifungua. Ndani walikuta chipu moja ndogo, kitufe na taa. Hakikuwa na kile kipande cha kielektroniki kinachotuma na kupokea ujumbe katika mtandao wa gari, na bila hicho kifaa hakiwezi kusema lolote na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Wakaenda mbali zaidi, wakayeyusha hata ganda la ile chipu ili waone kama kipande hicho kimefichwa humo. Hakikuwemo.

Tundu lenyewe ni la kweli na lina kazi muhimu. Lina nafasi 16 za pini, na Marekani ililazimisha magari madogo yote ya modeli ya 1996 na kuendelea kuwa nalo. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Lilitengenezwa kwa ajili ya ukaguzi. Fundi anachomeka mashine yake, anaona sensa ipi inalalamika na kwa nini taa ya injini imewaka. Ni kweli pia kwamba kupitia tundu hilo mtaalamu anaweza kubadili ramani ya mafuta ndani ya kontroboksi. Lakini anafanya hivyo kwa kompyuta, gari likiwa limesimama, kwa faili lililoandaliwa kwa ajili ya injini ile ile. Kifaa kimoja kinachodai kufaa magari yote hakiwezi kujua kama kimechomekwa kwenye IST au kwenye Prado.

Wauzaji wanasema chipu inahitaji kilomita 150 hadi 200 ili "ijifunze" uendeshaji wako. Hiyo ni karibu na safari ya Shinyanga mjini hadi Kahama na kurudi. Sharti hili ndilo linalowanasa wengi. Mtu aliyetoa hela yake anaanza kutazama mshale wa mafuta, anakanyaga kwa upole, anaacha kushika breki za ghafla. Mafuta yanapungua kweli, na sifa zinakwenda kwenye plastiki badala ya mguu wake.

Kwa magari mengi ya migodini swali lenyewe halipo. Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, inapimiwa mafuta na pampu ya kimakanika. Hakuna kompyuta inayoamua kiasi cha dizeli, hivyo hakuna cha kudanganya wala cha kufundisha.

Kuna boksi la aina nyingine ambalo nisingependa lichanganywe na hizi chipu, kwa sababu lenyewe linafanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo. Hufungwa kwenye waya wa sensa ya msukumo wa dizeli katika injini za kisasa zenye turbo, kama za Hilux mpya. Linaiambia kontroboksi kwamba msukumo ni mdogo kuliko ulivyo, nayo inauongeza. Nguvu inapanda. Joto linapanda pia, na pampu na nozeli zinabebeshwa mzigo ambao hazikukusudiwa. Kwa gari linalopanda vilima vya Geita na mzigo wa mawe ya dhahabu mchana wa Septemba, singelifunga.

Lakini dereva anayelalamika kwamba gari limelegea mara nyingi anasema kweli. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Geita iko juu zaidi. Kwenye mita 1,200 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. IST ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 109 inawaacha farasi kama 12 pwani kabla fundi hajaigusa. Hakuna cha kuchomeka kitakachowarudisha.

Juu ya hilo kuna vumbi. Barabara za machimbo zinaziba kichujio cha hewa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyotarajia. Hapa nirekebishe imani moja ya gereji: maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009 ikaona kwamba kwenye magari ya kisasa ya petroli, kichujio kilichoziba hakiongezi sana ulaji wa mafuta, kinachopungua ni kasi ya gari kuchanganya. Anayelalamikia uzito wa gari aanzie hapo. Anayelalamikia ulaji atazame upepo wa tairi, plagi, breki zinazokaba na sensa ya oksijeni. Atazame pia anakonunua mafuta. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji ulikuwa umekithiri, na petroli inayouzwa kwenye madumu huko machimboni hakuna anayeipima.

Kama tayari unayo chipu, ichomoe. Pini ya 16 ya tundu lile ina umeme wa betri hata ufunguo ukiwa mfukoni, na gari likilala wiki kadhaa kile kitaa kinaendelea kunyonya. Ukitaka kitu cha kuchomeka, nunua kisomaji cha makosa kinachoongea na simu kwa Bluetooth. Jaribu kwanza kabla ya kulipa, maana baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana tundu hilo lakini hayaelewani na visomaji vya kawaida.