SIRI KATIKA KUMBUKUMBU ZA LUGHA ZINAZOTOWEKA

Wasikilizaji walio katika kambi za jeshi na vituo vya polisi wanajua kwamba waraka wenye muhuri wa siri haufunguliwi na kila mkono, na kwamba muhuri huo una mwenye mamlaka ya kuuondoa. Katika kanda na maandishi ya lugha zinazotoweka, mwenye mamlaka hayo mara nyingi hajulikani.

Burundi ilikuwa na abanyamabanga, yaani watu wa siri, waliotunza ngoma za ufalme na kushika kazi zao katika umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Sherehe hiyo ilififia chini ya Wabelgiji, na ufalme ukaondolewa mwaka 1966. Neno lisiloandikwa likazikwa pamoja na aliyelijua.

Rwanda ilifuata njia nyingine. Huko abiru walihifadhi taratibu za kifalme kwa moyo. Padri Alexis Kagame aliziandika katika miaka ya 1940 kwa idhini ya Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa, ambaye alifariki Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, Julai 1959. Mwaka 1964 d'Hertefelt na Coupez walichapisha maandishi 17 ya taratibu hizo huko Tervuren, Ubelgiji. Hazina kubwa ya Kinyarwanda cha kale iliokolewa. Lakini ruhusa ya kuandika si ruhusa ya kutangaza, na mwaka huo mfalme aliyetoa idhini hakuwepo tena wa kuulizwa.

Wanaotaka kila kitu kiwe wazi wana hoja nzito: kanda ikifungiwa kabatini, wajukuu wa wasemaji wenyewe hukosa sauti za babu zao. Hata hivyo, Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao ni kama elfu moja tu, wana nyama ya epeme ambayo wanawake na watoto hawaruhusiwi kuona ikiliwa. Kuyaweka mazungumzo ya epeme mbele ya dunia nzima ni kuivunja miiko hiyo. Kufuta jina la msemaji hakusaidii; katika jamii ndogo hivyo sauti yenyewe humtambulisha, jambo ambalo kila polisi aliyewahi kumficha shahidi analielewa.

Hifadhi ya ELAR, iliyohama London kwenda Berlin mwaka 2021, huzipa rekodi madaraja: nyingine wazi kwa wote, nyingine kwa waliojiandikisha, nyingine kwa maombi tu. Utaratibu huo ni mzuri, mradi kila kufuli liwe na tarehe ya kufunguliwa na jina la atakayeulizwa msemaji akiisha kufa.