Kabla ya kuchimba msingi, fikiria njia ya gari

Ikiwa umebahatika kupata ploti kwenye mteremko, kama zilivyo nyingi kule Murang'a, Kisii na Taita, hapana shaka umekwisha kuchagua mahali nyumba itakaposimama. Aghalabu huwa ni pale juu, penye upepo mwanana. Lakini kabla hujamwita fundi, jiulize: gari litafikaje pale?

Wengi hulipuuza swali hili kwa sababu hawana gari. Hata hivyo, lori la mawe na mchanga lisipoweza kupanda litamwaga mzigo kando ya barabara, nawe utawalipa vibarua waubebe hadi juu. Na siku mzee au mama mjamzito atakapozidiwa usiku, itabidi ateremshwe mikononi mwa watu, kwenye utelezi, ilhali ambulensi inangoja chini.

Pima mwenyewe

Chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na pimamaji ya fundi. Ncha moja ya ubao iguse ardhi upande wa juu, kisha inua ncha ya chini mpaka ubao ulale sawa. Pima nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Ikiwa ni sentimita 25, mteremko ni 1 kwa 8, na gari dogo litapanda bila taabu. Ikiwa ni sentimita 40, yaani 1 kwa 5, utasumbuka, hasa wakati wa mvua.

Tuchukue mfano wa ploti ya futi 50 kwa 100. Nyumba iko futi 50 kutoka barabarani, na imeinuka futi 10. Njia iliyonyooka itapanda futi 1 kwa kila futi 5. Lakini ukiweka lango kwenye kona na kuikata ploti mshazari, njia itakuwa na urefu wa karibu futi 70, yaani 1 kwa 7. Ukishusha mahali pa kuegesha gari kwa futi 2, utapata karibu 1 kwa 9.

Iwapo nyumba imeziba nafasi hiyo, egesha gari karibu na lango, kisha ujenge ngazi pana zenye vyuma vya kushikilia. Ndiyo maana njia huchorwa kwanza, nyumba baadaye.

Maji na udongo

Acha sehemu tambarare langoni, yenye urefu wa gari zima, ili dereva asimame na kutazama kabla ya kuingia barabarani. Pale tambarare inapokutana na mwinuko, usiweke pembe kali, la sivyo tumbo la gari litakwaruza.

Kokoto tupu huteremka na mvua. Kwenye mwinuko mkali, mwaga zege na uichore mistari ya kukingama ili magurudumu yashike. Chimba mtaro upande wa juu, na uweke kalvati langoni ili usizibe mtaro wa barabara. Maji yako yasimwagikie kwa jirani.

Ukikata kilima, udongo ulioachwa wima huporomoka unaposhiba maji. Utahitaji ukuta wa kuuzuia, wenye matundu ya kutolea maji. Ukuta unaokaribia kimo cha mtu usimwachie fundi peke yake. Tafuta mhandisi auchore.

Idhini na jirani

Fauka ya hayo, huna ruhusa ya kufungua njia popote upendapo. Omba idhini ya wasimamizi wa barabara hiyo, iwe ni serikali ya kaunti au mojawapo ya mamlaka zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, yaani KeNHA, KURA na KeRRA.

Pengine njia nafuu itapitia shamba la jirani. Msiridhike na maneno ya mdomo, hata kama ni ndugu yako wa toka nitoke. Yeye akifa au akiuza, mwenye shamba mpya anaweza kukufungia. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inakuruhusu kuisajili haki hiyo ya kupita, na wakili atakuandalia hati zinazohitajika.

Kwa hivyo, msomaji, tembea kwenye ploti yako ukiwa na kamba na vigingi, na uichore njia ardhini kabla ya jembe la kwanza. Nyumba ikishasimama haisogezwi, na majuto ni mjukuu.