Mzoga wa Kimeta Usipasuliwe

Ng'ombe akilala mzima akakutwa asubuhi amekufa, kitu cha kwanza kutafutwa vijijini kwetu ni kisu. Mmoja anataka kumpasua aone kilichomuua, mwingine anataka kuokoa ngozi na nyama ili hasara ipungue. Ikiwa kilichomuua ni kimeta, kisu hicho ndicho kinachoufanya msiba wa siku moja kuwa msiba wa miaka mingi.

Kimeta huletwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis. Mnyama anapokufa, damu yake huwa imejaa bakteria hao, lakini maisha yao humo ni mafupi. Mzoga ukiachwa bila kufunguliwa, ndani hakuna oksijeni, na vijidudu vya uozo huwazidi nguvu. Siku chache tu na wengi wao wamekufa. Ukipasuliwa, damu hukutana na hewa, nao hujigeuza spora. Spora zina ganda gumu linalostahimili jua, ukame na baridi, na hukaa udongoni kwa miongo ya miaka zikingoja mnyama mwingine aje kulisha hapo. Mwaka 1942 Uingereza ilifanyia majaribio silaha ya kimeta kwa kondoo katika kisiwa cha Gruinard, Scotland. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa salama mwaka 1990, tena baada ya udongo wake kunyunyiziwa formalini.

Afrika Mashariki tunaufahamu ugonjwa huu. Uliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda, mwaka 2004, na nyati katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, Kenya, mwaka 2015. Mwaka 2023 watu walipoteza maisha wilayani Kyotera, Uganda, katika mlipuko uliohusishwa na nyama ya ng'ombe waliokufa.

Dalili za kutilia shaka ni hizi: kifo cha ghafla, tumbo kuvimba upesi, mwili kutokakamaa sawasawa, na damu nyeusi isiyoganda kutoka puani, mdomoni au njia ya haja. Damu inaweza isionekane, kwa hiyo kifo cha ghafla peke yake kinatosha kumwita afisa mifugo. Yeye atachukua tone la damu sikioni kwa ajili ya kipimo, bila kumfungua mnyama.

Wakati mnamsubiri, wafukuzeni mbwa na kuku, hamisheni kundi, na mzoga ufunikwe kwa turubai au matawi ya miiba ili fisi na tai wasiufikie. Msiuburute: ngozi huchubuka na damu huchora njia ya ugonjwa hadi malishoni. Atakayeugusa avae glavu, gambuti na nguo za mikono mirefu. Matundu yote ya mwili yazibwe kwa vitambaa vilivyolowekwa formalini, kazi ambayo ni vyema aisimamie mtaalamu.

Njia bora ni kuuchoma palepale ulipoangukia. Chimbeni mtaro wa kupitisha hewa, pangeni magogo juu yake, lazeni mzoga, kisha uungue mpaka ubaki majivu. Udongo uliolowa damu nao ukwanguliwe na kutiwa motoni. Kuni zikikosekana, uzikwe kwenye shimo la mita 2 kwenda chini, mbali na kisima, mto na njia ya maji ya mvua. Mahali hapo pazungushiwe uzio na mifugo isilishwe. Mwaka 1880 Louis Pasteur alieleza kwamba minyoo ya ardhini inaweza kupandisha spora kutoka makaburi ya mifugo hadi juu ya udongo. Ndiyo maana kuchoma ni bora kuliko kuzika.

Wengi wamezoea kumwaga chokaa shimoni. Kwa magonjwa mengine inafaa, lakini kwa kimeta Shirika la Afya Duniani halishauri, kwa kuwa kalsiamu iliyomo inaweza kuzisaidia spora kudumu.

Kuchemsha nyama kwa muda mrefu hakuifanyi salama. Isitoshe, anayechuna na kukatakata huambukizwa kabla chungu hakijafika jikoni. Mtu aliyegusa mzoga akiota kidonda kisichouma chenye gaga jeusi katikati, aende hospitali siku hiyohiyo na aeleze alichogusa. Kimeta kikiwahiwa hutibika kwa antibiotiki.

Naujua uzito wa kumwambia mfugaji achome ng'ombe aliyetegemewa kulipa ada ya shule. Anabeba hasara, halafu anaambiwa atafute kuni na vibarua. Hapo ndipo mzoga unapouzwa usiku. Tunachangiana harusi na misiba. Tuchangiane na hili pia. Kila kijiji kijue mapema kuni zitatoka wapi, nani atachimba na nani atampigia simu afisa mifugo. Tena tuchanje kila mwaka, angalau wiki kadhaa kabla ya msimu wa hatari, hasa mahali ambapo kimeta kimewahi kuingia. Mfugaji akiwa na uhakika kwamba jirani atafika na mzigo wa kuni, hatakuwa na sababu ya kumtafuta mnunuzi.