Marehemu arithiwe kwa sheria gani?

Makambako ni mji wa njia panda: barabara ya kwenda Zambia hupita hapo, ile ya Njombe na Songea huchepukia hapo, na TAZARA ina kituo chake. Waislamu wa mji huo na wa Njombe wametoka pande nyingi za nchi. Wengine ni Wabena wa asili, na ndugu zao wa damu ni Wakristo. Mauti yanapoingia katika nyumba za namna hiyo, swali huzuka mara baada ya maziko: mali igawanywe kwa sheria gani?

Kwa Mwislamu jibu limo katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mjane wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni yake. Binti ana fungu lake hata akiwa na kaka saba. Lakini Tanzania Bara haina mahakama za kadhi za dola tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Hakimu wa kawaida ana sheria tatu mezani: ya Kiislamu, ya mila, na ile iliyotoka India, ya mwaka 1865. Huchagua kwa kutazama mwenendo wa maisha ya marehemu na nia yake. Ukoo ukimshawishi kwamba marehemu, ingawa aliitwa Juma, aliishi kimila, shamba la parachichi litafuata Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963. Humo binti yu daraja la tatu, na mjane hana fungu maadamu ukoo wa mumewe upo. Atatunzwa na wanawe.

Je, Katiba haiwakingi? Katiba ya 1977 ilizaliwa bila sura ya haki za msingi. Ziliingizwa mwaka 1984, nazo mahakama zikaanza kuzisimamia mwaka 1988. Ibara ya 19 inalinda uhuru wa dini. Ya 13 inakataza ubaguzi. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo inapingana na Katiba. Wakati huo neno jinsia halikuwamo katika ibara ya 13. Liliongezwa mwaka 2000. Ajabu ni kwamba mwaka 2006, neno likiwa limekwisha kuwamo, Mahakama Kuu hiyo hiyo ilikiri kwamba Tangazo la 1963 linawabagua wajane, kisha ikakataa kulifuta.

Wapo wanaohofu kwamba ibara ya 13 itageuzwa siku moja dhidi ya mafungu ya Qur'ani. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, anayefukuzwa shambani leo ni mjane Mwislamu, naye hafukuzwi na Katiba bali na shemeji.

Kwa kuwa hakimu hutafuta nia ya marehemu, nia hiyo na iandikwe angali hai: kwamba yeye ni Mwislamu na mirathi yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Akitaka kumwachia asiye mrithi, isizidi theluthi. Mashahidi wawe wanaojua kusoma na kuandika, na mmoja wao atoke upande wa ukoo, ili asije akasema hakuarifiwa. Cheti cha ndoa kiwekwe pamoja na wosia, na nakala ikae kwa imamu.