Maziwa ya Rufiji na maji yanayoyajaza

Wengi wetu tunaijua Rufiji kwa daraja. Tunavuka Daraja la Mkapa tukielekea Kilwa au Lindi, tunayatupia jicho maji yake ya rangi ya udongo, kisha safari inaendelea. Safari hii nilijaaliwa kuuona mto huo kutokea ndani yake. Mimi na wanangu wawili tulipanda boti kijijini Mloka baada ya sala ya Alfajiri, tukaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na ambayo ukubwa wake unazidi kilomita za mraba 30,000.

Nahodha wetu alikuwa Mndengereko wa makamo, mchache wa maneno. "Shehe, kiboko akishtuka hukimbilia kina," aliniambia. "Usimkatie njia yake." Kila alipoona migongo myeusi mbele, alipunguza mashine, akawaachia viboko kina chao na kupita kwenye maji haba, ambako mara mbili tulikwama mchangani. Michanga ya Rufiji huhama. Njia ya mwaka jana si lazima iwe ya mwaka huu. Ukingoni mamba walijianika, vinywa wazi. Kwenye kuta za udongo zilizochongwa na mto, keremkerem wekundu waliingia na kutoka katika matundu yao kama nyuki mzingani.

Tukauacha mto mkuu, tukafuata mkondo mwembamba hadi ziwani. Hifadhi hii ina maziwa kadhaa ya namna hiyo, yakiwemo Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu. Vigogo vya mivumo vilisimama majini, vimekufa, havina majani, na juu ya kimoja alitua kwazi. Mwanangu mdogo akauliza ni nani anayelijaza ziwa lile ilhali mvua hakuna.

Swali hilo ndilo kiini cha mahali pale. Mvua hunyesha mbali, katika mabonde ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, ambayo maji yake hukutana na kuwa Rufiji. Mto ukifurika huyalisha maziwa, samaki huingia humo kuzaliana, na maji yakipungua huacha tope jipya. Nje ya hifadhi, wakulima wa Rufiji wameishi kwa tope hilo vizazi na vizazi, wakipanda mazao ya mlau katika ardhi iliyokwisha kunywa mafuriko na kulinda mashamba wakiwa juu ya madungu. Serikali ilipowahamishia nyanda za juu katika Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969, wengi waliendelea kurudi bondeni kulima.

Leo juu ya mto limesimama Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024. Uwezo wake ni megawati 2,115. Sitaubeza umeme huo, kwani nami ninaandika makala haya chini ya taa. Lakini bwawa hupunguza kishindo cha mafuriko na kuzuia tope, na kiumbe aliyezoea mto kupanda na kushuka hana wa kumpelekea malalamiko. Wala mambo si mepesi kama wasemavyo baadhi yetu, kwamba mafuriko ni neema tupu: Aprili 2024 maji yalizikumba Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama na familia zikahama makwao. Tunachopaswa kuulizana ni maji mangapi yaachiliwe, na kwa msimu upi, ili maziwa yapate haki yake na watu wasizame.

Tulipokuwa tukirejea, nahodha aliisogeza boti kwenye mvumo mmoja ukingoni, akatuonesha mstari wa tope kavu kwenye shina.

"Hapa ndipo yalipofika," alisema.

Mwanangu mkubwa alisimama, akanyoosha mkono. Haukufika.