Tarakimu Nane Zinazoendesha Kazi ya Video

01:02:14:07. Saa 1, dakika 2, sekunde 14, fremu namba 7. Mtazamaji wa televisheni hazioni tarakimu hizi, lakini kila fremu, yaani kila picha moja, iliyopita mbele ya macho yake jana usiku ilikuwa na zake. Wahariri wa video huziita taimukodi. Bila hizo, mhariri aliyeko Sinza, Dar es Salaam, na mteja aliyeko Mwanza wangeshinda kwenye simu wakibishana ni nembo ipi itolewe, ile ya mwanzo au ile inayofuata kidogo baada ya yule mama kucheka.

Siku hizi zipo programu nyingi za intaneti zinazowakutanisha watu wa video na wateja wao. Mojawapo iliyovuma sana ni Frame.io, iliyoanzishwa New York mwaka 2014 na Emery Wells na John Traver, kisha ikanunuliwa na Adobe mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.275. Matumizi yake ni mepesi. Mhariri anapandisha video, mteja anatumiwa linki, anaifungua kwenye kivinjari cha kawaida, anaisimamisha panapomkera, anachora duara juu ya picha na kuandika: "Maandishi haya hayasomeki." Mhariri akifungua kazi yake anayakuta maoni yamebandikwa kwenye fremu ileile, wala si sekunde mbili kabla yake. Ukitazama juu juu utasema sifa yote ni ya intaneti yenye kasi. Mimi sifa kubwa naipa taimukodi, uvumbuzi wa mwaka 1967, wakati intaneti yenyewe haijazaliwa.

Kabla ya taimukodi kazi ilikuwa ya mateso. Filamu ya zamani ilikuwa na picha zinazoonekana. Mhariri aliinua mkanda kwenye mwanga na kukata alipotaka. Kanda ya sumaku ya video, ambayo mashine yake ililetwa sokoni na kampuni ya Ampex ya Marekani mwaka 1956, haikuonyesha kitu. Ni utepe wa kahawia mtupu. Wahariri wa mwanzo waliupaka kimiminika chenye chembechembe za chuma ili mistari ya sumaku ijitokeze, wakaitazama kwa hadubini, wakakata kwa wembe na kuunga kwa utepe wa gundi. Kosa dogo tu, na picha iliruka hewani mbele ya taifa zima.

Jibu lilitoka kwa watu wa roketi. Katika majaribio ya makombora, vyombo vingi vya kupimia vilirekodi kwa wakati mmoja vikiwa vimetawanyika mbali mbali, na rekodi zao hazikuwa na maana bila saa moja ya kuzilinganisha. Kwa hiyo walikuwa na desturi ya kurekodi saa pamoja na vipimo. Kampuni ya EECO ya California ikaichukua desturi hiyo na kuipeleka kwenye kanda za video mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, SMPTE, kikaigeuza kuwa kanuni moja, ili mashine ya mtengenezaji yeyote isome kanda ya mwenzake.

Jinsi kanuni hiyo ilivyobuniwa inanifurahisha kila nikiitazama. Taimukodi ya asili ilirekodiwa kwenye njia ya sauti ya kanda; ukiifungulia spika inatoa mlio mkali wa kukwaruza. Ndani ya mlio huo kila fremu imepewa biti 80. Biti 26 zinabeba saa, dakika, sekunde na fremu. Biti 32 zimeachwa ili watumiaji waandike wapendacho, kama tarehe au namba ya kanda. Biti 16 za mwisho hazibadiliki kamwe: sifuri mbili, moja kumi na mbili mfululizo, sifuri, kisha moja. Mfululizo wa moja kumi na mbili hauwezi kutokea mahali pengine popote katika zile biti 80, kwa hiyo mashine ikiuona inajua fremu imeishia hapo. Na kwa kuwa upande mmoja wa mfululizo huo una 00 na wa pili una 01, mashine inayorudisha kanda nyuma inautambua mwelekeo papo hapo na kuendelea kusoma saa bila kukosea.

Ugumu mmoja ulitoka Marekani, na hadi leo unawasumbua hata wahariri wa huku kwetu. Televisheni ya Marekani ya picha nyeusi na nyeupe ilikuwa na fremu 30 kwa sekunde. Rangi ilipoongezwa mwaka 1953, wahandisi waligundua kwamba mawimbi ya rangi yangegongana na ya sauti na kuchafua picha, wakapunguza mwendo kwa takriban sehemu moja katika elfu: fremu 29.97 kwa sekunde. Jicho halioni tofauti, lakini hesabu inaiona. Ukihesabu 30 huku picha zinakwenda 29.97, baada ya saa moja hesabu yako imeachana na saa ya ukutani kwa fremu 108, yaani sekunde 3.6. Kituo kinachouza matangazo kwa sekunde hakiwezi kulivumilia hilo.

Suluhisho lao ni la kihesabu tupu. Kila dakika mpya inapoanza, namba za fremu 00 na 01 zinarukwa, isipokuwa katika dakika zinazogawanyika kwa kumi. Katika saa moja zinabaki dakika 54 za kuruka. Mara mbili, unapata 108 kamili. Hakuna picha hata moja inayotupwa. Zinazorukwa ni namba tu. Mhariri huitambua hesabu hiyo kwa nukta na mkato mbele ya fremu, 01:00:00;00, badala ya nukta mbili. Zanzibar na televisheni yake ya rangi ya miaka ya 1970, kisha Tanzania Bara na Kenya, zilifuata mfumo wa fremu 25 kamili unaoendana na umeme wa hertz 50, kwa hiyo sisi hatukurithi balaa hilo. Linatufika pale tu shirika la Marekani linapoagiza filamu fupi kutoka Dodoma au Kisumu na kutaka fremu 29.97. Afadhali swali hilo liulizwe kabla kamera haijawashwa.

Sasa turudi kwa mteja aliyeko mbali. Picha moja ya video ya kawaida ya HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Kila pikseli ikichukua baiti 3, fremu moja isiyobanwa ni megabaiti 6.2, na sekunde moja ya fremu 25 ni megabaiti 155. Taimukodi ya fremu hiyohiyo, ikiandikwa kwa herufi za kawaida, ni baiti 11. Picha ina uzito wa zaidi ya mara laki tano na nusu ya jina lake.

Watu wa kampuni ya Rising Sun ya Adelaide, Australia, waliielewa tofauti hiyo mapema. Walikuwa wakitengeneza picha za kompyuta kwa ajili ya filamu za Hollywood, zaidi ya kilomita 12,000 kutoka kwa waongozaji waliotakiwa kuzipitisha. Wakaunda programu inayoitwa cineSync. Kwanza faili ilitumwa taratibu na kuhifadhiwa pande zote mbili. Wakati wa kikao, mwongozaji alipobonyeza kusimama, mtandao haukubeba picha yoyote. Ulibeba namba ya fremu na mistari aliyochora, basi. Ni kama watu wawili wenye Msahafu uleule: hakuna haja ya kutumiana ukurasa, inatosha kutaja sura na aya. Mwaka 2011 Akademia inayotoa tuzo za Oscar iliwapa waundaji wake tuzo ya kiufundi.

Programu za leo zinacheza video moja kwa moja kutoka kwenye seva, lakini nazo hazibebi mzigo wote. Dakika 10 za HD katika muundo wa ProRes 422 HQ, unaopendwa na wahariri, ni takriban gigabaiti 13.8. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni saa tatu za kusubiri. Nakala nyepesi ya megabiti 5 kwa sekunde inapanda kwa dakika tano. Wepesi huo unatokana na mbinu za kubana kama H.264, kanuni ya mwaka 2003: picha nzima inahifadhiwa mara chache tu, na zinazofuata zinahifadhi mabadiliko peke yake. Ndiyo maana ukiruka hadi katikati ya video inasita kidogo. Programu inarudi kwanza kwenye picha nzima iliyo karibu nyuma yake, inajenga mabadiliko moja baada ya jingine, kisha ndipo inakuonyesha fremu uliyoomba.

Hatua iliyofuata inaanzia kwenye kamera yenyewe. Kifaa kilichounganishwa nayo kinapandisha nakala nyepesi mtandaoni wakati waigizaji wakiwa bado mbele ya taa. Mhariri anaanza kukata mchana uleule. Siku diski yenye faili nzito inapofika, programu inazibadilisha nakala zote kwa faili halisi, kwa sababu majina ya faili na taimukodi vinalingana fremu kwa fremu.

Kwa Afrika Mashariki yote haya yaliwezekana baada ya mikongo ya baharini. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu. Swali kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka, kulichukua karibu nusu sekunde, na bei ilikuwa haishikiki. Mkongo wa SEACOM ukafika mwaka huo, TEAMS ikaingia Mombasa, EASSy ikafuata mwaka 2010. Udhaifu wake tuliuonja Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika kwa pamoja na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikawa ya kutambaa. Siku ya namna hiyo mbinu ya Adelaide inarudi kuwa na thamani kubwa: aliyekwisha kuhifadhi nakala nyepesi kwenye kompyuta yake anaweza kutoa maoni kamili kwa ujumbe wa kawaida wa simu.

Yapo mambo mawili yanayoivuruga hesabu ya taimukodi, na yote tunakutana nayo kila siku. La kwanza ni simu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde zinaporekodi, kutegemea mwanga uliopo. Fremu zisipokuwa na mwendo mmoja, hesabu inayumba na sauti inaachana na midomo. Klipu za simu zigeuzwe kuwa na mwendo mmoja kabla ya kuingia kwenye uhariri. HandBrake, programu ya bure, inaifanya kazi hiyo vizuri.

La pili ni matoleo. Mhariri akiondoa sekunde tatu za mwanzo, kila fremu iliyobaki inasogea kwa namba 75. Mteja anayeandika maoni akitazama toleo la pili anamwelekeza mhariri wa toleo la tatu mahali pasipo na kosa. Programu nzuri huyapanga matoleo moja juu ya jingine na kuyashikilia maoni kwenye toleo lake, hata unaweza kuyaweka mawili ubavu kwa ubavu. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo huduma inayostahili kulipiwa kuliko michoro na duara zote.

Lakini wahariri wengi wa Dar es Salaam, Nairobi, Goma au Kampala wanatuma kazi kwa WhatsApp, na ni haki yao, maana mteja yuko huko. Tatizo ni kwamba video ikitumwa kama video ya kawaida inabanwa upya, na mteja anajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Pale katikati, punguza kidogo." Dawa yake haigharimu kitu. DaVinci Resolve, hata toleo lake la bure, linaweza kuandika taimukodi juu ya picha yenyewe wakati wa kutoa nakala. Iwekwe kwenye kona ya juu, kwa herufi kubwa zinazosomeka kwenye simu ndogo, na faili itumwe kama waraka ili isibanwe tena. Saa ianze 00:00:00:00, hata kama kazi halisi inaanza 10:00:00:00 kama televisheni za Uingereza zinavyodai, kwa sababu mteja anasoma pia saa inayoonyeshwa na simu yake inapocheza video, na zikitofautiana atachanganyikiwa. Pembeni ya taimukodi iandikwe namba ya toleo, na mteja aombwe jambo moja tu: asimamishe video, asome namba zote mbili, ndipo aseme.