Fahamu: Utajuaje kama mahakama ya Babati imetoa hati ya kukukamata?

Ulipewa dhamana, tarehe ya kesi ikakupita ukiwa shambani au mnadani. Hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na mdhamini wako akaitwa aeleze uko wapi.

Usihangaike kuitafuta mtandaoni. Tovuti ya TanzLII huweka hukumu na maamuzi ya mahakama, si orodha ya wanaotafutwa.

Nenda masjala ya mahakama yenye jalada lako, iwe ya Wilaya ya Babati au ya Hakimu Mkazi Manyara. Beba namba ya kesi. Bila hiyo karani atahitaji majina kamili, kosa na mwaka. Ukihofia kuwekwa chini ya ulinzi papo hapo, na hofu hiyo si ya bure, mtume wakili.

Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, hati huwa na saini ya hakimu na muhuri wa mahakama. Haifi kwa kukaa: hudumu hadi itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute, tena popote Tanzania Bara. Kuhamia Arusha hakusaidii kitu. Askari anayeitekeleza lazima akueleze yaliyomo, na ukitaka kuiona, akuonyeshe.

Anayekupigia simu akidai pesa ili "aifute" ni tapeli. Jisalimishe mapema, ukiwa na cheti cha hospitali kama uliumwa, umwombe hakimu aifute.